Jibini Inayonuka na Namna ya Kuifaidi

Kama ndugu yako amerudi kutoka Ulaya na kukuletea jibini laini yenye ganda la rangi ya chungwa, na ulipoifungua watoto wakatoka nje wameziba pua, usiitupe. Haijaoza. Imetengenezwa inuke hivyo, na aliyeitengeneza ameihangaikia wiki kadhaa mpaka ikafika hapo. Haya ninayoandika ni kwa ajili yako uliyenayo mkononi na hujui uanzie wapi. Ni kwa ajili yako pia unayefanya kazi jikoni kwenye hoteli za watalii kule Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, ambaye siku moja unaweza kukabidhiwa kipande kama hicho na mgeni, ukaambiwa kiandae.

Hapa kwetu Kalemela, mkoani Simiyu, si mahali pa kununua jibini ya namna hii. Hata hivyo naamini watu wa huku, pamoja na majirani zetu wa Mwanza, Ukerewe na Mara, wana pua iliyokwisha kuandaliwa kuipokea kuliko wanavyodhani. Sisi ni watu wa udaga. Mihogo inamenywa, inarundikwa, inafunikwa kwa majani au magunia siku kadhaa mpaka inalainika na kuota ukungu. Kisha ukungu unakwanguliwa, mihogo inavunjwavunjwa na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya miamba. Mgeni akipita upande unakoelekea upepo hugeuza uso. Mwenyeji hana wasiwasi, kwa sababu anajua kuchachuka huko ndiko kunakopunguza sumu ya mihogo michungu, na ndiko kunakoupa ugali ladha ambayo mihogo mikavu ya kawaida haina. Mtu aliyekulia kwenye ugali huo ameshajifunza somo gumu kuliko yote katika kula jibini hii, yaani kutofautisha harufu ya chakula kinachoiva na harufu ya chakula kinachooza.

Jibini yenyewe huanza kama nyingine yoyote. Maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya, yakakatwakatwa, maji yake yakachujika, mabonge yakatiwa kwenye vyombo vya kuyapa umbo, kisha yakatiwa chumvi. Kinachoitenga na nyingine ni kuogeshwa. Kila baada ya siku moja au mbili mtengenezaji huichukua mkononi, akalipangusa ganda lake lote kwa kitambaa au brashi iliyochovywa kwenye maji ya chumvi, akaigeuza na kuirudisha kwenye ubao ndani ya chumba chenye ubaridi na unyevu mwingi. Chumvi ile huuzuia ukungu wa kawaida usitawale, na hukaribisha bakteria aitwaye Brevibacterium linens. Huyo, pamoja na vijidudu wenzake, ndiye anayelipa ganda rangi yake na kunata kwake. Ndiye pia anayevunja protini na kuachia hewa zenye salfa zinazokufikia puani kabla kisu hakijaingia. Watengenezaji wengine hukoleza rangi kwa mbegu za mzingefuri, mti ambao watu wa Zanzibar wanaujua vizuri.

Majina utakayokutana nayo kwenye karatasi si mengi. Taleggio hutoka Lombardia, kaskazini mwa Italia. Munster hutoka kwenye milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, na Maroilles kaskazini mwa nchi hiyohiyo. Limburger ilianzia eneo la Limburg, pale Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani zinapokaribiana, na siku hizi nyingi hutengenezwa Ujerumani. Époisses ni ya Burgundy, Ufaransa, na huuzwa ndani ya kikasha cha duara cha ubao mwembamba kwa sababu ikiiva hulegea mpaka hutiririka. Époisses ilikaribia kutoweka kabisa baada ya vita vya dunia, hadi mwaka 1956 mume na mke, Robert na Simone Berthaut, walipoanza kuitengeneza upya. Ipo pia Vieux-Boulogne, inayooshwa kwa bia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walizipima jibini kadhaa wakasema hiyo ndiyo iliyonuka kuliko zote walizojaribu.

Ukiweza kuchagua, anza na Taleggio. Ndani yake ni laini, ina utamu wa siagi na uchachu kidogo, na harufu yake haivuki chumba. Munster ifuate. Époisses na Limburger ziache mpaka ulimi wako umezoea, maana anayeanzia huko mara nyingi hujiapiza asirudie, akajinyima vitu vizuri vilivyo njiani.

Watu husema inanuka miguu, na wanasema kweli tupu. Bakteria wa jamii moja na huyo wa kwenye ganda huishi katikati ya vidole vya miguu yetu. Jambo hili lilitafitiwa kwa bidii kuliko unavyofikiri, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika hapa Tanzania. Bart Knols, mtaalamu wa wadudu kutoka Uholanzi aliyewahi kutafiti mbu nchini mwetu, alishirikiana na Ruurd de Jong kuchunguza mbu wa Anopheles gambiae, yule anayetuletea malaria, humng'ata mtu wapi hasa. Wakaona anapenda miguu na vifundo vyake. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu wakaacha kuielekea na kung'ata kwingine. Mwaka 1996 wakachapisha kwamba harufu ya jibini ya Limburger nayo huwavuta mbu hao. Dunia ilicheka, na mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Ila hoja ilikuwa nzito. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa kwa amonia, asidi ya maziwa na asidi nyingine za aina ya zile zinazotoka kwenye ngozi, pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Mchanganyiko huo ulivuta mbu wengi kuliko mtu aliyelala kwenye kibanda cha jirani. Kwa hiyo unapoinusa jibini hii na moyo wako ukakuambia ni uozo, uambie kwamba hiyo ni harufu ya mwili hai, ile tunayolala nayo kila siku. Kwako wewe wa Simiyu lipo na la vitendo: usiache kipande wazi chumbani usiku.

Sasa safari. Anayetoka Dar es Salaam kwa ndege mpaka Mwanza hana shida kubwa. Shida inaanza kwenye basi la barabara ya Musoma, mchana, vioo vimefungwa. Mwambie anayekuletea aifunge kwanza kwa karatasi, kisha aiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, kopo liingie kwenye deli dogo lenye vipande vya barafu vilivyofungwa visiilowanishe. Bila kopo, abiria wenzake watalalamika na watakuwa na haki. Jibini hii huvumilia saa chache za joto la kawaida, lakini begi lililowekwa juu ya injini au kwenye buti la gari juani huimaliza: mafuta hujitenga, ganda hutoa maji, na hakuna friji itakayolirudisha.

Ikifika nyumbani, iondoe kwenye plastiki inayoigusa moja kwa moja. Jibini hii inapumua. Ukiibana kwa nailoni, hewa ya amonia hukosa pa kutokea, ganda huanza kuteleza, na baada ya siku chache harufu hupanda mpaka machozi yanakutoka. Ifunge kwa karatasi inayozuia mafuta, au karatasi safi ya kaki ukikosa hiyo, kisha iweke ndani ya kopo peke yake, kwenye droo ya chini ya friji inapokaa mboga. Lile kopo ni la lazima, kwa sababu maziwa na siagi hunyonya harufu ya jirani upesi. Mfuniko uufungue mara moja kwa siku, ubadilishe hewa. Kama huna friji, kopo liweke kwenye mtungi mdogo uliokaa ndani ya mtungi mkubwa, katikati pawe na mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, mahali penye kivuli na upepo. Wakati wa kiangazi njia hii hupunguza joto vizuri. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, haisaidii sana. Na hata ikisaidia, mtungi si friji: jibini laini isiyo na friji ni ya kuliwa siku ileile au kesho yake, basi.

Kabla ya kula, ikague kwa mwanga wa mchana. Ganda zuri lina rangi ya chungwa au ya udongo mwekundu, lina unyevu kidogo, linanata kidoleni lakini halitiririshi maji. Madoadoa meupe hayana neno. Bonyeza katikati kwa dole gumba: ikirudi taratibu, imeiva, ikiwa ngumu katikati na laini pembeni, bado kidogo. Ganda likiwa kavu na limepasuka, ilikosa unyevu na ladha yake itakuwa ya chumvi tupu. Ukiona ukungu mweusi au wa kijani wenye manyoya, ambao haukuwepo ulipoipokea, au ganda limekuwa ute wa kahawia unaodondoka, usijaribu kuiokoa. Amonia ni kipimo kingine. Ikisikika kwa mbali, iache wazi nusu saa itoke. Ikibaki kali baada ya hapo, na kipande kidogo ulimini kikawa kichungu kinachochoma, imepita wakati wake.

Wapo wasiopaswa kuila, na hapa sitaki mtu afanye mzaha. Mama mjamzito asile jibini laini yenye ganda la kuoshwa, hata kama kwenye karatasi imeandikwa kwamba maziwa yake yalichemshwa, kwa sababu ganda lile lenye unyevu huweza kufuga bakteria wa Listeria wanaoweza kuua mtoto tumboni. Ndivyo ilivyo kwa kichanga, kwa mzee aliyedhoofika, na kwa yeyote ambaye kinga yake imeshuka kwa maradhi au kwa dawa. Wakubwa kati yao wakiitamani, ipikwe ndani ya chakula mpaka itokote na kutoa mvuke yote. Mwenye shinikizo la damu aichukulie kama kitu cha chumvi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Wanaosumbuliwa na tumbo wakinywa maziwa wengi huivumilia, maana sukari ya maziwa nyingi huondoka na maji yanayochujwa na iliyobaki huliwa na bakteria wakati wa kuiva.

Kuna pia suala la imani, ambalo vitabu vya Wazungu vya mapishi hulipita kimyakimya. Époisses huoshwa kwa pombe kali ya zabibu, na nyingine kwa bia au divai. Kwa Mwislamu, na kwa Msabato, ambao huku Kanda ya Ziwa ni wengi, hilo ni jambo la kujua kabla ya kuweka mdomoni. Taleggio na Munster kwa kawaida huoshwa kwa maji ya chumvi tu. Kimeng'enya nacho mara nyingi hutoka kwenye tumbo la ndama. Anayejali namna mnyama alivyochinjwa atafute ile iliyoandikwa kwamba imetumia kimeng'enya kisichotoka kwa mnyama. Ukimkaribisha mgeni, mwambie haya kabla hajauliza.

Tuje mezani. Jibini iliyotoka kwenye friji imefumba: inanuka, ila ladha hakuna. Vitabu vya Ulaya vinasema uiache nje saa nzima au zaidi. Kalemela nusu saa inatosha, na kwenye joto la Oktoba dakika ishirini. Ifunike kwa kawa au kitambaa safi, nzi wataijua kabla yako. Kata vipande vyembamba kutoka katikati kwenda nje, ili kila mmoja apate sehemu ya ndani na sehemu ya ganda, na kisu ukilowanishe kwa maji ya moto kila ukikata kisinatie.

Kipande cha kwanza kile bila ganda. Usikinuse kwa kukikaribisha puani. Kiweke ulimini, kibonyeze juu ya kaakaa kiyeyuke, kisha ndipo utoe pumzi kwa pua. Hapo ndipo wengi hushtuka, kwa sababu kinachokuja ni siagi, mchuzi wa nyama, karanga za kukaanga, na chumvi inayokuja mwishoni. Harufu ile kali imebaki kwenye ganda. Ndani mna upole. Kipande cha pili kile na ganda lake. Ukikuta linakwaruza meno kama lina mchanga, ni chembe za madini zilizoganda, unaweza kulikwangua. Vipande vitatu au vinne vinamtosha mtu mmoja. Hiki ni kitoweo cha kuonja, na anayekila kwa pupa hukinaishwa na mafuta yake.

Kwa wazee, namna ya kukaribisha ni nusu ya kazi. Usiweke sahani mbele ya mzee ukanyamaza, atadhani unamdharau kwa kumpa kilichoharibika. "Shikamoo babu. Hii jibini ya Ulaya inanuka ila ndani ni nzuri, nikukatie ya katikati?" Akijibu, "Marahaba mjukuu, kata kidogo nione," umeshamaliza. Mpe iliyo juu ya kiazi cha moto, maana hivyo ndivyo inavyopendeza kwa mtu asiyeizoea.

Naam, kiazi. Kama kuna jambo moja ningependa ulijaribu, ni hili. Chemsha viazi vitamu na maganda yake, vipasue vikiwa vinafuka, weka kipande chembamba cha jibini katikati na ukifumbe. Baada ya dakika moja imeyeyuka, chumvi yake imekutana na utamu wa kiazi, na ile harufu imelainika ikawa kama ya nyama iliyookwa. Watu wa Alsace, kule Munster inakotoka, huila hivihivi kwa viazi mviringo vilivyochemshwa, pamoja na mbegu zinazofanana na bizari nyembamba. Nawe ukiwa na bizari nyembamba, ikaange kavu kidogo, uinyunyize. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nayo yanaipokea vizuri sana. Yachague yale yaliyokauka yakabaki na unyumbufu, uyale kwa zamu na jibini, na karanga mbichi pembeni. Asali ya huku, tone moja tu, inaituliza Limburger. Ugali wa udaga na jibini hii ni watu wawili wenye sauti kubwa chumba kimoja. Mimi nauchagua ugali wa mtama, wa moto, tonge dogo.

Kitunguu maji kibichi ni rafiki yake wa zamani: Wajerumani hula Limburger na kitunguu juu ya mkate mweusi. Pilipili na ndimu viweke mbali siku ya kwanza, vitaifunika. Dagaa na kayabo pia, kwa kuwa chumvi juu ya chumvi hakuna anayeisikia. Kwa kinywaji, chai ya rangi isiyo na sukari nyingi husafisha mafuta ulimini. Kahawa chungu ni nzuri zaidi. Kaskazini mwa Ufaransa wapo wanaochovya Maroilles kwenye kahawa ya asubuhi, na ukijaribu utaelewa kwa nini. Maji ya baridi sana hugandisha mafuta kinywani na kuacha utando, yaache.

Vijana wengi wananiuliza kama tunaweza kuitengeneza wenyewe, kwa kuwa ng'ombe tunao. Jibini kwa ujumla inawezekana, na majirani wameonyesha. Wafugaji wa Masisi, Kivu Kaskazini, wanatengeneza jibini ya duara inayouzwa Goma, na ambayo imewahi kusafirishwa mpaka Kinshasa. Watengenezaji wa jibini wa Brown's wapo Tigoni, Kenya, tangu 1979. Njombe kuna kiwanda kilichosaidiwa na shirika la Kitaliano la CEFA kinachotengeneza jibini za Kitaliano. Angalia lakini sehemu hizo zote zina nini: ubaridi wa milimani. Jibini ya kuoshwa inahitaji nyuzi joto 10 hadi 15 na unyevu wa asilimia 90 au zaidi, kwa wiki nne hadi nane mfululizo. Sisi tuko ufukweni mwa ziwa, mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, mchana ukikaribia nyuzi 30. Bila friji iliyorekebishwa na umeme usiokatika, ganda litashikwa na ukungu wowote unaopita. Ningekushauri uanze na jibini mbichi ya kuliwa wiki ileile, kwa maziwa uliyoyapasha nyuzi 63 na kuyashikilia hapo nusu saa, kwa sababu homa ya brusela ipo kwenye mifugo na haionekani kwa macho. Ukishaimudu hiyo, na friji ndogo ikapatikana, ndipo ukoroge gramu 30 hadi 50 za chumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, uanze kupangusa.

Yakibaki maganda baada ya wageni kuondoka, usiyape kuku. Yakate madogo, yatupie kwenye sufuria ya viazi mviringo na vitunguu vilivyokaangwa dakika tano za mwisho, funika, zima moto. Kisu na ubao vioshe kwanza kwa maji ya baridi na chumvi, sabuni ifuate baadaye, kwa kuwa maji ya moto yakitangulia protini hushika na harufu hukaa kwenye ubao wiki nzima. Kile kikasha cha ubao cha Époisses kianike juani siku mbili. Kinafaa sana kuwekea vitunguu saumu.